Kisukari cha sindano: Kila tabibu na neno lake, mgonjwa ashike lipi?

Wiki hii tunasimamisha kidogo mazungumzo yetu ya usafi wa maji ya kisima. Inshaallah tutayarudia. Kilichonisimamisha ni daftari.

Daftari lenyewe ni la shule, la mistari, limezungushiwa kipande cha kanga ili lisichakae. Mwenyewe ni mama wa binti wa miaka 13 aliyegundulika kuwa na kisukari aina ya kwanza akiwa na miaka 9. Kwa miaka hiyo minne amepita sehemu nne za tiba, na kila pahala alipoambiwa neno aliliandika. Ukurasa wa kwanza: "Asile wali wala viazi." Mbele kidogo, kutoka hospitali nyingine: "Ale kama wenzake, muhimu sindano." Pengine: "Sukari isizidi 6." Kurasa mbili baadaye: "10 si mbaya, msimbane mtoto." Kisha: "Insulini ikitoka kwenye friji imekufa." Kisha: "Mtungi unatosha." Na kwenye ukurasa aliouandika juu neno Ramadhani palikuwa na maneno matatu ya watu watatu, hakuna linalokubaliana na mwenzake.

Akaniuliza: "Dokta, mimi nimeishia darasa la saba. Nyinyi mliosoma mkipingana, mimi nimfuate nani?"

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na chombo chenyewe hapa ni mtoto.

Kisukari kimoja jina, maradhi mawili

Kabla ya yote, tufahamiane. Watu wengi wakisikia kisukari humfikiria mzee au mtu mzima mwenye mwili, anayemeza vidonge na kuambiwa apunguze uzito. Hicho ni kisukari aina ya pili, na ndicho kilicho kingi. Kongosho la mgonjwa huyo bado linatoa insulini, ila haitoshi au mwili hauitumii sawasawa.

Aina ya kwanza ni jambo jingine kabisa. Kinga ya mwili, ile ile inayotulinda na vijidudu, hugeuka na kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakusababishwi na kula peremende, wala si uchafu, wala si hasadi ya jirani, wala hakuambukizi. Huwapata zaidi watoto na vijana, ingawa mtu mzima naye anaweza kuanza. Mwili wake hauna insulini ya kutosha kumweka hai, hivyo lazima aipate kwa sindano kila siku. Kidonge hakishiki nafasi hiyo.

Hapa ndipo mzizi wa kwanza wa mkanganyiko ulipo. Mhudumu aliyezoea kuona wagonjwa 30 wa aina ya pili kwa wiki, akija mmoja wa aina ya kwanza humpa mawaidha yale yale: punguza wanga, punguza mwili, fanya mazoezi, huenda dawa ukaziacha. Mawaidha mema kabisa, kwa mgonjwa mwingine. Kwa hiyo mzazi, swali lako la kwanza kwa kila anayekupa nasaha liwe hili: "Dokta, hayo ni ya aina ya kwanza au ya pili?" Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Nilichojifunza kwenye jamvi

Miaka niliyokaa madrasa kabla ya chuo cha utabibu ilinifundisha kitu ambacho chuo hakikunifundisha waziwazi, nacho ni namna ya kukaa na khitilafu. Mwanafunzi mchanga akisikia kuwa huyu anafunga mikono katika swala na yule anaiachia, hudhani dini nzima ina mashaka. Ustadhi wetu alikuwa akituuliza: "Je, kuna aliyewaambia Adhuhuri ni rakaa tatu?" Tunasema hapana. "Basi jueni lipi limekatwa na lipi lina nafasi."

Tiba nayo iko hivyo. Kuna mambo ya qat'i, yaliyokatwa shauri, ambayo anayeyapinga amekosea hata akiwa amevaa koti jeupe. Na kuna mambo ya ijtihadi, ambayo jawabu hubadilika kwa kutegemea insulini anayotumia mgonjwa, vifaa alivyonavyo na umri wake. Balaa la yule mama ni kwamba hakuna aliyemwambia lipi ni lipi. Yote aliyaandika kwa wino mmoja.

"Asipokula asichome"

Nikiwa naendelea kufunua kurasa nikakuta mstari huu: "Akiumwa na asipokula, asichome sindano." Nikashtuka. Nikamwuliza mama, nani alikwambia hili? Akanyamaza kidogo, akatazama chini, kisha akasema: "Ni wewe, dokta. Mwaka juzi, kule zahanati."

Nikakumbuka. Binti aliletwa ana homa na anatapika. Nikampima malaria, nikampa dawa, na mama aliponiuliza kuhusu insulini nikamjibu haraka haraka, foleni ikiwa ndefu mlangoni, kwamba mtoto hali kitu, ukimchoma sukari itashuka, acha mpaka ale. Nilidhani nina hekima. Mama akatii. Usiku wa pili mtoto akawa anavuta pumzi ndefu za haraka kama aliyekimbia, macho yamelegea, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Wakampeleka hospitali kwa bajaji. Alilazwa siku 5. Alhamdulillah, alipona.

Mama hakuja kunilaumu, na hilo ndilo lililonikalia moyoni. Alikuja kuuliza.

Basi hili la kwanza ni la qat'i, na ninaliandika hapa kwa sababu nilishalikosea: mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza haachi insulini kabisa, hata akiwa hali. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Sukari ya damu haitoki kwenye sahani peke yake. Ini nalo hutoa sukari usiku na mchana, na mwili ukiwa na homa au maumivu hutoa zaidi. Bila insulini sukari hiyo haiingii kwenye seli. Mwili unaona njaa katikati ya shibe, unaanza kuunguza mafuta yake, na moshi wa moto huo, kwa kusema kwa mfano, ni ketoni, ambazo zinaifanya damu kuwa na tindikali. Ndiyo zile pumzi ndefu, ndiyo ile harufu, ndiko kutapika na tumbo kuuma. Hali hii inaweza kumpata mtu ndani ya saa chache au siku moja au mbili tangu insulini ikatike, na huua.

Siku ya maradhi, kwa hiyo, kipimo cha insulini huweza kubadilishwa, lakini hakiachwi. Insulini ya muda mrefu huendelea. Kama mtoto anatumia ile ya mchanganyiko ya asubuhi na jioni, kliniki yake ndiyo itakayosema ipunguzwe kiasi gani endapo hali na sukari iko chini, au iongezwe kiasi gani endapo iko juu, maana mara nyingi homa huhitaji insulini zaidi, si kidogo. Pima sukari kila baada ya saa 3 au 4, usiku pia. Mpe maji mara kwa mara. Sukari ikiwa chini na chakula hakipiti, mpe chai yenye sukari au soda, kidogo kidogo. Akitapika kila anachokunywa, akianza kupumua kwa kina, au akiwa amelegea na kusinzia, usingoje alfajiri.

Na hapo hapo niseme jambo kwa wasomaji ambao nyumbani kwao hakuna mgonjwa huyu. Mtoto anayekojoa sana, anakunywa maji bila kukata kiu, anakonda, au aliyeacha kukojoa kitandani kisha ameanza tena, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Watoto wa namna hii hutibiwa malaria, au kichomi kwa ajili ya zile pumzi, na kupima tone moja la damu kungetosha kuonyesha ukweli.

Jambo la pili la qat'i ni kinyume chake, sukari kushuka. Mtoto anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anakuwa mkali bila sababu au anaduwaa. Ukipima ukakuta iko chini ya 4, au huna kipimo lakini dalili ziko wazi, mpe kitu kitamu hapo hapo: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Mtoto mdogo hupewa pungufu ya hapo. Subiri dakika 15, pima tena, rudia ikibidi, kisha ale chakula. Katika daftari la mama palikuwa na neno la jirani mmoja kwamba mtoto wa kisukari akianguka achomwe sindano yake haraka. La hasha! Insulini kwa aliyeshukiwa na sukari ni kumwongezea kisu. Na aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

La tatu, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya ndugu zangu wauza dawa za asili. Mlonge, mdalasini, habbat sauda, asali, vyote ni neema za Allah na mimi mwenyewe navitumia. Lakini anayemwambia mzazi wa mtoto huyu aache sindano ajaribu chupa yake kwa siku 40 anabeba dhima kubwa. Tazama historia. Kabla ya 1922 mimea hii yote ilikuwepo, na mtoto aliyepata kisukari aina ya kwanza alikufa. Madaktari wa Ulaya na Marekani wakati huo hawakuwa na cha kumpa ila kumnyima chakula ili aishi miezi michache zaidi, akabaki mifupa. Januari 1922 mjini Toronto, Canada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho la mnyama, kazi iliyoanzwa na Frederick Banting na Charles Best mwaka uliotangulia. Sindano ya kwanza haikufaa, haikuwa safi. Wakaisafisha zaidi, wakamchoma tena baada ya siku chache, akapata nafuu, na akaishi miaka 13 mingine. Hakuna chupa ya mitishamba yenye ushahidi wa namna hiyo kwa maradhi haya.

Kuna wanaouliza kama insulini si ya nguruwe. Zamani ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Tangu 1982 ilipoidhinishwa ile inayotengenezwa kwa kutumia bakteria, mambo yamebadilika, na insulini inayotumika sana leo, ile iitwayo ya kibinadamu pamoja na zile mpya zaidi, hutengenezwa kwa bakteria au hamira. Swali hilo lisimzuie mtu dawa.

Namba zinazogombana

Sasa tuingie kwenye yale yenye nafasi. "Isizidi 6" na "10 si mbaya" zilimnyima mama usingizi. Wote wawili walikuwa na asili ya maneno yao, ila kila mmoja alisema nusu.

Kwanza hakikisha mnazungumza kipimo kimoja. Mashine nyingine husoma kwa milimoli, nyingine kwa miligramu. Mama mmoja aliwahi kunijia mbio, mashine ya shemeji yake imeandika 180, na yeye alizoea kuona 9 na 10. Gawanya 180 kwa 18, unapata 10. Mtoto alikuwa hana neno.

Pili, namba ya kabla ya kula si namba ya baada ya kula. Miongozo ya nchi mbalimbali hutofautiana kidogo. Uingereza husema baina ya 4 na 7 kabla ya mlo, Marekani husema baina ya 4.4 na 7.2 kwa watu wazima walio wengi. Baada ya kula, kufika karibu na 10 si ajabu wala si kosa. Kwa hiyo aliyesema 10 huenda alikusudia saa mbili baada ya wali, na aliyesema 6 huenda alikusudia alfajiri, au pengine alikuwa na mgonjwa wa aina nyingine kichwani.

Tatu, elimu yenyewe imesogea. Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani na Canada uliowafuatilia wagonjwa 1,441 wa aina ya kwanza. Waliodhibiti sukari kwa ukaribu, kwa sindano kadhaa kwa siku na kupima mara kwa mara, walipungukiwa na hatari ya maradhi ya macho kwa asilimia 76, na ya figo na mishipa ya fahamu kwa takriban nusu au zaidi. Lakini hao hao walipata sukari kushuka vibaya mara nyingi zaidi. Ndiyo maana tabibu mmoja akikazia namba ndogo anawaza macho na figo za miaka 20 ijayo, na mwingine akilegeza anawaza usiku wa leo, mtoto asije akazimia usingizini. Kwa mtoto mwenye vijiti vya kupimia vya kutosha, tunakaza. Kwa mtoto ambaye mama yake ana vijiti 10 vya mwezi mzima, kumlazimisha 5 kila asubuhi ni kumtembeza gizani kando ya shimo. Wenye haki ya kujua sababu hiyo ni mzazi na mtoto mwenyewe, si sisi tu tulioketi nyuma ya meza.

Wali, ugali na insulini aliyonayo

Katika chakula nilimwambia mama kwamba waliompinga wenzao huenda walikuwa sahihi wote. Akacheka. Mtoto anayechoma insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku amekwisha funga mkataba na saa: dawa iliyoingia asubuhi itafanya kazi adhuhuri apende asipende, hivyo ale kwa wakati wake, kwa kiasi kinacholingana siku zote, na asiruke mlo. Anayechoma ya muda mrefu mara moja, kisha ya haraka kila anapokula, ana nafasi zaidi, kwa sababu kipimo hufuata sahani. Huyu akifundishwa kukadiria wanga, anaweza kula wali wa maulidi na wenzake. Kumbe yule aliyesema "ale kama wenzake" alikuwa kwenye kliniki yenye insulini ya pili. Daktari aliyefuata akamrudisha kwenye mchanganyiko kwa sababu ndio uliokuwepo stoo, na neno la chakula halikubadilishwa.

Kumnyima mtoto anayekua wanga wote si tiba. Na wala ugali wa dona si dawa, ingawa watu wanaamini hivyo. Ni bora kuliko sembe, lakini ni wanga vile vile na unahesabiwa.

Jambo dogo linalosahaulika ni sehemu ya kuchoma. Watoto hupenda pale pale pasipouma, pakaota uvimbe laini chini ya ngozi, na insulini ikichomwa hapo huingia leo haraka kesho polepole. Mzazi anadhani dokta amekosea kipimo. Hamisha sehemu kila mara. Tena linganisha maandishi ya chupa na ya bomba: chupa ya 100 kwa bomba la 100. Bomba lililowekewa alama za insulini ya 40 likitumika kwa chupa ya 100, mtoto anapata mara mbili na nusu ya kipimo chake.

Friji na mtungi

Kuhusu kuhifadhi, kanuni ya viwandani inajulikana: chupa isiyofunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande, na iliyofunguliwa inaweza kukaa nje kwa takriban wiki 4 ikiwa hakuna joto kali. Neno la "imekufa" linawatisha watu wasio na friji, na nimewahi kusikia mzazi amemwaga chupa nzima kwa sababu umeme ulikatika usiku mmoja.

Jawabu limetoka karibu na sisi. Watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, Kenya, kisha wakaziweka insulini za aina mbalimbali maabara katika joto linalopanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kuwa nguvu yake haikutofautiana na ile iliyokaa kwenye ubaridi. Kwa hiyo mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi, uliowekwa kivulini penye hewa, ni hifadhi ya heshima. Lakini insulini isiachwe ndani ya gari juani, isikae karibu na jiko, na isitumike ikiwa imeganda au imeota vipande visivyochanganyika. Andika tarehe ya kuifungua kwenye chupa yenyewe.

Ukurasa wa Ramadhani

Huu ndio uliomliza binti. Ustadhi alimwambia afunge, Allah atamhifadhi. Muuguzi alimwambia afunge lakini asichome mchana, asije akabatilisha swaumu. Daktari alimwambia, bila hata kuinua macho, kwamba ni marufuku, basi. Binti amebaleghe mwaka jana. Wenzake wa madrasa wanafunga. Alifunga kwa siri siku 2, na siku ya pili alianguka bafuni.

Hayuko peke yake. Katika utafiti wa 2001 uliohusisha nchi 13 zenye Waislamu wengi, wagonjwa wa aina ya kwanza waliofunga angalau siku 15 walikuwa karibu asilimia 43, na katika Ramadhani sukari kushuka vibaya iliongezeka kwao zaidi ya mara 4.

La muuguzi lina makosa mawili. Kuacha sindano tumekwisha lisema. Na sindano ya chini ya ngozi isiyokuwa lishe haibatilishi swaumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokaa Jeddah mwaka 1997 lilipitisha hivyo. Kutoboa kidole kupima sukari nako wanazuoni wengi hawakuoni kuwa kunafunguza. Mwambie mtoto wako hilo kabla ya lolote, maana wapo wanaoacha kupima kwa kumcha Allah.

Kuhusu kufunga kwenyewe, aya za 184 na 185 za Surat al-Baqara zimempa mgonjwa ruhusa. Baraza lile lile, katika kikao cha Sharjah mwaka 2009, liliwagawa wagonjwa wa kisukari kwa kadiri ya hatari, na likasema kuwa ambaye madhara kwake ni ya hakika au yana dhana yenye nguvu hafai kufunga, na tabibu amweleze hivyo. Wataalamu wa kisukari na Ramadhani, katika mwongozo wao wa 2021, wanapima mtu kwa mtu: amekuwa na kisukari miaka mingapi, sukari imemshuka mara ngapi, huhisi inaposhuka, ana vifaa vya kupima. Kijana mwenye udhibiti mzuri na kliniki ya kumfuata kwa karibu anaweza kuruhusiwa na tabibu wake, kwa sharti kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 anafungua papo hapo, hata zikiwa zimebaki dakika 10 kwa Magharibi. Binti wa daftari hana sifa hizo kwa sasa. Alilazwa, huanguka, na vijiti havimtoshi. Kwake huu si mwaka wa kufunga, na suala la fidya au kulipa siku akapelekewe shekhe anayemjua, akiwa na maelezo ya tabibu mkononi. Nilimwomba mama aende na ustadhi kliniki siku ile ile moja. Walikwenda. Ustadhi alisikiliza zaidi ya nilivyotarajia.

Kwenye jamvi pia tulionywa dhidi ya kuchukua kwa kila imamu lile jepesi. Kuzunguka kliniki nne ni mlango wa hilo. Chagua moja yenye mazoea na aina ya kwanza, hata kama ni mbali na unakwenda mara moja kwa mwezi, na mahali pengine popote unapotibiwa homa au jeraha, onyesha daftari la kliniki hiyo. Ukurasa wa mbele uandikwe: aina ya kwanza, jina la insulini, vipimo vyake, na simu ya kliniki. Neno lolote jipya liandikwe pamoja na tarehe, jina la aliyelisema na sababu aliyoitoa. Kliniki ikibadilisha insulini, uliza papo hapo: na chakula je, na siku ya homa je? Nakala moja ibaki kwa mwalimu wa darasa, nyingine madrasa.

Mwisho wa mazungumzo yetu nilichukua kalamu, nikaukata ule mstari wangu na kuandika juu yake: "Akiumwa asiache, asiache insulini. Apimwe, anywe maji, kliniki ipigiwe simu." Nikatia tarehe na jina langu. Binti akalivuta daftari, akasoma kwa sauti, kisha akaniuliza kama lile "asiache" nimeliandika mara mbili kwa bahati mbaya.

Nikamwambia hapana.